Mke Mwenza wa Chuma

Kile kichwa cha garimoshi mke wa mzee alikiita "mke mwenzangu", na utani wenyewe haukuwa utani sana. Mumewe alikuwa mchochea moto. Siku nyingi alilala safarini, akililisha tanuri makaa ya mawe kwa koleo, kisha akarudi nyumbani mweusi tititi. "Huyo mwenzangu anakula kuliko wewe," mkewe alizoea kusema, huku akiloweka ovaroli.

Mvuke ulipopitwa na wakati, vichwa vingine viliuzwa kama chuma chakavu. Hicho kimoja kiliponea chupuchupu, kikawekwa kwenye makumbusho, kikajengewa paa, kikapakwa rangi ya kung'aa. Mzee akapewa kazi ya kukifuta vumbi. Kukiwasha marufuku, maana tangi la mvuke lina ufa usiozibika. Kila asubuhi yeye hufungua mlango wa tanuri, akatia mkono ndani, akautoa baridi vilevile ulivyoingia.

Sasa mkewe yuko kitandani. Hospitali wamemrudisha nyumbani bila kusema mengi. Yeye analalamikia miguu tu, kwamba ina baridi. Mzee huifunika blanketi, huiwekea chupa ya maji moto, huikanda mpaka viganja vyake vyenyewe vinawaka. Miguu haipati joto. Na maisha yake yote mzee hakujua kazi nyingine ila ya moto.

Jana, akikandwa, mkewe aliuliza, "Mwenzangu hajambo?"

"Hajambo. Wamempaka rangi tena."

"Na ndani, kuna moto?"

"Hakuna."

Mkewe akafumba macho. "Basi safari hii, mume wangu, umetutendea sawa sote wawili."