Tarakilishi Iliyokataa Kunijua

Nayakiri haya kwa hiari, ingawa hakuna aliyehudhuria katika ukumbi ule wa Kisauni atakayehitaji kukumbushwa. Nilialikwa kuwasomea wazee tungo za kale za Mvita, nami, kwa kuwa sinukuu beti kwa kukisia, nilizihifadhi zote katika tarakilishi, nikaiunganisha na projekta ili kila mtu azisome ukutani. Wiki hiyo mfumo wake ulikuwa umebadilishwa. Pale palipokuwa na kisanduku cha kuandika neno la siri, sasa paliandikwa tu: "Nautafuta uso wako."

Niliuinamisha uso, haukuonekana. Nikavua miwani, kisha kofia, nikachana ndevu kwa vidole mbele ya hadhira nzima.

"Tabasamu, Mwalimu," akasema Mzee Athmani kutoka safu ya mbele. "Huenda yakuogopa."

Nikawageukia wazee, nikahutubu kwa kirefu juu ya mafundi wa kisasa wanaovunja mlango mzima ili watoboe dirisha bovu. Wallahi, nilisema, mashine hii ni kipofu.

Hapo mke wangu, Bi Zuhura, akainuka kutoka upande wa wanawake, akapita kati ya viti bila ya haraka, akabandua kwa ukucha kipande cha plasta kilichoziba kamera.

"Si wewe uliyekibandika, mume wangu," akaniuliza kwa sauti iliyofika mlangoni, "ukihofia itatuona nyumbani bila ya mitandio?"

Kioo kikamulika, na ukutani, kwa herufi kubwa, tarakilishi ikanikaribisha kwa jina langu kamili.