Mshumaa kwenye Kona ya Kiwiko

Kijiweni pa bodaboda walimwita Mshumaa. Si kwa wembamba, maana tumbo alikuwa nalo la kumtosha yeye na jirani, bali kwa jinsi alivyokaa juu ya pikipiki: wima, shingo ngumu, mikono imenyooka kwenye usukani kama mtu anayesukuma mlango uliofungwa kwa ndani. Pikipiki ikipinda, yeye hapindi. Wenzake walimtania kwamba siku akiyeyuka watamwasha mwingine. Naye alicheka nao, kwa sababu kijiweni usipocheka ndipo wanapojua pa kukubana.

Ukweli wenyewe haukuwa wa kuchekesha. Mshumaa alikuwa anaogopa kona, na kati ya kona zote za dunia aliogopa moja kuliko kifo chenyewe. Ilikuwa kwenye barabara ya kilimani, ile inayotoka kwao kwenda upande wa hospitali. Unateremka vizuri tu, mwamba upande mmoja, korongo upande wa pili, halafu barabara inakunjika ghafla kuuzunguka mwamba, huoni mbele wala nyuma. Watu waliiita Kiwiko. Ukikosea pale, lami inaendelea kivyake na wewe unaendelea kivyako.

Yeye alikosea pale akiwa na mkewe mgongoni.

Mkewe alikuwa mpiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na kila asubuhi Mshumaa ndiye aliyempeleka. Siku hiyo hawakuwa na haraka. Waliingia Kiwiko kama siku zote, mara kikanyagio cha mguu kikakwaruza lami, krrr, gurudumu la nyuma likanyanyuka, na kilichofuata ni anga, mawe, anga tena. Pikipiki ilikwama kwenye jiwe la ukingoni. Jiwe lile lisingekuwepo, hadithi hii ingesimuliwa na waombolezaji. Mshumaa alichubuka goti. Mkewe alivunjika mkono, mkono wa kulia, wa pasi.

Alikaa nyumbani na plasta mpaka msimamizi wake akaanza kuulizia kwa jirani kama anarudi au harudi. Alipopona alirudi, ila hakupanda tena nyuma ya mumewe. Hakugomba. Alisema tu, akiwa anakunja nguo, kwamba kuanzia kesho atakwenda na Kinyonga. Mama mkwe wa Mshumaa, ambaye hakuwa ameulizwa, alidakia kwamba hilo ndilo neno la kwanza la akili alilolisikia ndani ya nyumba ile tangu harusi.

Kinyonga alikuwa kijana wa kijiwe kilekile, mdogo kwa Mshumaa kwa umri na mkubwa kwake kwa maneno. Jina alilipata kwa sababu kabla hajaingia kona kichwa chake kilikuwa kimeshageuka, taratibu, macho yakitangulia mwili. Basi kila alfajiri Mshumaa alisimama mlangoni na kikombe mkononi akimtazama mkewe anapanda pikipiki ya mwanamume mwingine. Wivu wa mapenzi haukuwemo. Wivu wa mapenzi una dawa, unagombana na yanaisha. Huu ulikuwa wa kujua kwamba mkeo anaamini yule atamfikisha hai na wewe hutamfikisha, na ukijiuliza vizuri, hata wewe unaamini hivyo hivyo.

Siku moja alimeza fundo la aibu, akamfuata Kinyonga, akamwomba amfundishe. Alitegemea kejeli, na kejeli alizipata. Lakini Kinyonga alimpeleka kwenye uwanja wa ghala bovu, akapanga makopo ya rangi chini, akamwambia azunguke. Mshumaa akazunguka. Kinyonga akashika kiuno, akatikisa kichwa.

"Kaka, kabla ya pikipiki ulikuwa unaendesha nini?"

"Baiskeli. Nilikuwa nasambaza mikate."

"Kreti nyuma?"

"Kreti nne, moja juu ya nyingine."

Kinyonga akakaa chini kabisa, akacheka mpaka akajifuta machozi. Kisha akaeleza, na alipoeleza hakucheka. Kwenye baiskeli yenye kreti za mikate, mzigo ukilala upande huu, mwili unauvuta upande ule, la sivyo mikate inalala barabarani. Miaka yote ile mwili wa Mshumaa ulikuwa umejifunza jambo moja: kukinzana. Sasa yuko kwenye lami na mwendo mkali, pikipiki inataka kulala ndani ya kona, yeye anajivuta nje. Ili ipinde inabidi ilale zaidi na zaidi, mpaka chuma kinagusa chini. "Si mchanga uliowaangusha, kama watu wanavyosema," alisema, "wala si shetani wa Kiwiko. Ni mikate."

Akamkalisha kwenye pikipiki iliyosimama, akamrekebisha kama fundi anayemvalisha mtu koti. Magoti yabane tangi. Viwiko vilegee, mikono isining'inie kwenye usukani kama ya mtu anayezama. Uzito uwe miguuni. Breki na gia vimalizike kabla ya kona, ukishaingia usiguse breki ya mbele. Mwili uende na pikipiki, bega la ndani lishuke kidogo, na kidevu kielekee unakotokea. Hilo la kidevu alilirudia mpaka likamchosha hata yeye. "Unachokiangalia ndicho unachokifuata. Ukiangalia korongo, korongo litakupokea. Na abiria naye aangalie juu ya bega lako la ndani. Akijivuta nje, mmerudi kwenye mikate."

Mshumaa alijifunza, na pale uwanjani alilaza vizuri. Lakini kopo la rangi likikushinda linaanguka kopo, si wewe. Kiwiko hakukijaribu tena tangu ile ajali. Abiria wa ng'ambo ya kilima aliwaachia wenzake, kila siku na sababu yake: mara mnyororo, mara tumbo.

Halafu Kinyonga akafiwa na mjomba wake, akasafiri.

Asubuhi iliyofuata mvua ilikuwa imenyesha, na lami iling'aa kama mgongo wa samaki. Mkewe alitoka na mkoba wake, akasimama karibu na pikipiki, helmeti kifuani. Msimamizi alikuwa ameshamwambia kwamba kuna dada mwingine anaulizia nafasi yake, tena mikono yake yote miwili ni mizima. Wengine wa kijiweni wangeweza kumpeleka, naye Mshumaa alikuwa tayari kusema hivyo, ulimi ulikuwa unalitafuta jina la wa kumpendekeza.

"Utanipeleka?" mkewe aliuliza.

"Nitakupeleka."

Sauti zote mbili zilikuwa za watu wasio na uhakika, na kila mmoja aliisikia ya mwenzake.

Alimweleza asijivute nje, ashike kiuno, aangalie juu ya bega la upande wanaokunja. Mkewe akauliza, na wewe utaangalia wapi. Akamjibu, tunakotokea. "Basi yasitoke huko hayo macho," alisema, akapanda.

Kona za mwanzo zilikuwa za kawaida, lakini kwake kila moja ilikuwa mdogo wake Kiwiko. Kijasho chembamba kilimtoka chini ya koti ingawa kulikuwa na baridi. Vidole vya mkewe vilimng'ang'ania kiunoni. Kila pikipiki ilipoinama alimsikia anabana pumzi, na pumzi ile ilimwingia yeye mgongoni kama maji. Alijaribu kulegeza viwiko. Vilikataa, vikalegea, vikakaza tena. Alijiambia anaweza kusimama sasa hivi, aseme tairi. Mkono ukawa mzito kwenye klachi. Hakusimama, na hata yeye hakujua kama huo ni ujasiri au ni aibu tu ya kusimama.

Kisha mwamba ukatokea.

Alipunguza mwendo mapema, akashusha gia, akaachia breki. Hapo ndipo aliposikia injini ya lori, nzito, inapanda kutoka upande asiouona. Akaingia. Bega likashuka, pikipiki ikaanza kulala, na pua ya lori ikachomoza kwenye mwamba, imekula njia yake na sehemu ya njia yao.

Macho yake yalikwenda kwenye lori. Hayakumwomba ruhusa. Yalikwenda kwenye bampa, kwenye taa iliyopasuka, kwenye boliti moja yenye kutu ambayo angeweza kuichora mpaka leo, na papo hapo aliisikia pikipiki inainuka na kuanza kuifuata ile boliti, taratibu, kwa utii. Mwili wake wote ulitaka kunyooka, ujivute nje, ushike breki ya mbele na kuikamua. Alifanya kitu kimoja tu. Aligeuza kidevu. Ilikuwa kama kugeuza kichwa cha mtu mwingine. Akakiona kipande cha lami tupu baada ya mwamba, akakishika kwa macho, akashusha kiwiko, akasukuma goti kwenye tangi. Alingoja ule mvuto wa nyuma, mkewe akijivuta kwa hofu upande wa korongo, maana yeye angefanya hivyo.

Badala yake helmeti ilimgonga begani, bega la ndani. Mkewe alikuwa ameinama pamoja naye.

Upepo wa lori uliwapiga ubavuni ukinuka moshi na mpira. Kikanyagio hakikugusa chini. Barabara ikanyooka.

Hatari ilipokwisha kupita, akashindwa hata kupata gia. Akasogea pembeni apumue. Mkewe alisema karibu na sikio lake, bila kupaza sauti:

"Usisimame. Ukisimama sitapanda tena."

Hakusimama.

Getini pa hospitali mkewe alishuka, akamkabidhi helmeti, akaenda kwenye pasi zake bila kugeuka. Mshumaa aligeuza pikipiki arudi nyumbani. Alifika chini ya kilima, akaona barabara inavyopanda na kupotea nyuma ya ukungu, akasimama. Akawasha tena, akazima. Mtu mmoja alitaka kwenda ng'ambo, akamdanganya kwamba mafuta yamekwisha. Mwishowe alirudi kukaa kwenye ukuta mfupi wa chumba cha kufulia, mvuke wa sabuni ukimpiga usoni, mashuka yakipita mbele yake kwa matoroli, na akakaa hapo mpaka alasiri. Kila alipofumba macho aliiona ile boliti.

Mkewe alipotoka alimkuta palepale. Alimtazama yeye, akaitazama pikipiki, kavu, haijasogea.

"Hukurudi nyumbani?"

Uongo alikuwa ameshauandaa, tena mzuri, wa fundi na plagi. Lakini alikuwa amechoka.

"Nilifika pale chini. Nikashindwa."

Mkewe alikuwa anausugua mkono wake wa kulia kwa wa kushoto.

"Mimi nimeunguza shuka," alisema. "Mkono ulitetemeka mpaka mchana. Nimelificha chini kabisa ya rundo."

Wakatazamana, na kidogo wacheke, ila hakuna aliyeanza. Mkewe akachukua helmeti, akaifunga kidevuni.

"Kupanda kuna nafuu kuliko kushuka?"

"Hapana. Kona ni ileile."

"Basi twende kabla mvua haijarudi."

Alipanda, akambana kiunoni. Pikipiki ilikuwa haijawashwa bado, barabara mbele yao imenyooka kama rula, lakini Mshumaa aliusikia uzito wa mkewe umeshainama upande mmoja, kidevu kimeshawekwa juu ya bega lake.

"Bado," alimwambia.

"Najua bado," mkewe alisema, na hakusogea.