Siku Roboti Yetu Ilipomnawisha Mwenyekiti

Ilikuwa Alhamisi, saa nne na dakika ishirini asubuhi, na dakika nazikumbuka kwa sababu nilikuwa nimekazia macho saa ya ukutani ili nisimtazame mtu usoni. Niseme mapema kabisa, aibu hii ni yangu peke yangu, Atupele hana kosa, Madam Rehema hana kosa, hata jagi halina kosa.

Naitwa Lugano, niko kidato cha pili, na hata ukisoma nami darasa moja huenda sauti yangu huijui (mwaka jana niliandikwa mtoro nikiwa nimekaa dawati la pili, jina likaitwa mara mbili, nikashindwa kusema "nipo").

Sasa, shule yetu ilikuwa imeletewa kompyuta tano, na zilikuwa bado kwenye maboksi, kwa sababu zilikuja na sharti: ziwe na chumba chenye nondo madirishani, la sivyo zinahamishiwa shule nyingine. Chumba tunacho, ni stoo ya majembe. Ila mwenye neno la mwisho ni mwenyekiti wa bodi, mzee mmoja mkulima wa chai kutoka Kisiba, ambaye alishasema kikaoni kwamba hizo mashine zitafundisha watoto uvivu. Basi akaalikwa siku ya wazazi aje ajionee.

Madam Rehema, mwalimu wetu wa kompyuta (ametoka Tanga, na kwa baridi ya hapa Tukuyu huvaa makoti mawili), alikuwa anatufundisha bila kompyuta yoyote. Mmoja anaandika maagizo kwenye karatasi, hatua kwa hatua, mwingine anakuwa roboti na kufanya kilichoandikwa tu, hata kiwe cha kijinga namna gani. Roboti haina ruhusa ya kutumia akili yake. Inasimamishwa na amri moja, "Acha!", na anayeitoa ni mwandishi peke yake.

"Mbele ya wageni, nani roboti, nani mwandishi?" Madam akauliza.

Atupele, rafiki yangu ambaye hajui haya, akaruka kuwa roboti. Mimi nikanyoosha kidole kuwa mwandishi, na hapo ndipo nilipojimaliza, maana hesabu yangu ilikuwa kwamba roboti husimama mbele za watu na mwandishi hujikalia zake nyuma.

Nikachagua kazi ya kumnawisha mgeni kabla ya kula, kazi ninayoifanya nyumbani tangu nina miaka mitano. Nikaandika: chukua jagi na beseni, msogelee mgeni, piga magoti, mimina maji mpaka mgeni aseme asante. Halafu, kwa kujifanya mjuzi, nikaongeza: maji yakiisha, jaza jagi, endelea. Tulifanya majaribio mara sita, Madam akiwa ndiye mgeni, na mara zote sita alisema, "Ahsante mwanangu," kwa ile sauti yake ya pwani, tukajipigia makofi.

Basi siku ikafika. Ukumbi umejaa wazazi, harufu ya ndizi na nyama inatoka jikoni, maboksi ya kompyuta tumeyapanga sakafuni karibu na meza kuu ili mwenyekiti ayaone vizuri, na Atupele amevaa boksi kichwani lenye matundu mawili ya macho. Akaenda kwa miguu iliyokakamaa, akapiga magoti, akamimina. Watu wakacheka vizuri. Mwenyekiti akanawa, akageuza viganja, akaviondoa, akavikung'uta mara moja, kama anavyofanya kila mtu unayemjua, akatafuta taulo.

Atupele akaendelea kumimina.

"Binti, yatosha," mwenyekiti akasema, maji yakimwingia kwenye suruali.

"Na-mi-mi-na," boksi likajibu.

Mzee akavuta kiti nyuma. Agizo langu lilisema msogelee mgeni, kwa hiyo Atupele akamsogelea, kwa magoti, huku beseni limejaa linamwagika. Mama mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, "Baba, sema asante ataacha!"

"Nishukuru nini?" mzee akamjibu. "Chakula kiko wapi?"

Na hapo, jamani, nikalielewa kosa langu lote kwa mpigo mmoja. Kwetu nani anashukuru maji ya kunawa? Unaondoa mikono, basi, anayemimina anaona, anaacha. Mimi mwenyewe nimeacha hivyo maelfu ya mara bila kujua kwamba najua.

Jagi likaisha. Ukumbi mzima ukashusha pumzi. Atupele akainuka, akaenda kwenye ndoo, akajaza, akarudi. "Na-en-de-le-a." Watu walianguka kwa kicheko, lakini mimi nilikuwa naona kitu kingine: maji yalikuwa yanatambaa sakafuni kuelekea kwenye maboksi.

"Lugano, amri!" Madam akaniita.

Nikafungua mdomo, kikatoka kitu kama sauti ya kifaranga. Nikajaribu tena, hewa tupu. Nyumbani, nyuma ya mlango, nimebandika karatasi ya manila niliyochora vitufe vyote vya kompyuta, na kila jioni navibonyeza vile vya kuchora, sasa vile vya kweli vinakwenda kulowa mbele ya macho yangu kwa sababu ninaogopa watu. Sijui sauti ilitoka wapi.

"ACHAAA!"

Atupele akaganda. Wazazi wakaganda. Mwenyekiti naye akaganda, mikono juu. Wavulana wa nyuma wakakimbilia maboksi wakayanyanyua, moja tu lilikuwa limelowa ukingoni, na mimi nikatambua nimemfokea mzee mbele ya kata nzima. Nikaenda nikapiga magoti kwenye yale yale maji.

"Shikamoo babu. Naomba unisamehe."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeiandikia hii loboti?"

"Ndiyo, babu."

"Na kosa ni la nani, lako au la huyu mwenye boksi?"

"Langu, babu. Yeye amefanya nilichoandika."

Akakamua upindo wa suruali, ananitazama. "Mimi nilimwambia kibarua palilia, ng'oa kila kinachoota. Akang'oa na miche yangu ya chai." Akaanza kucheka, mabega yanatikisika. "Miaka yote hiyo namlaumu yeye." Kisha akamgeukia mkuu wa shule. "Majembe yatafutiwe pengine. Stoo wapeni hawa. Ila beseni lisiingie humo."

Nililia, nikacheka, Atupele akanikumbatia na boksi lake likanigonga jicho.

Nimeapa sitajaribu tena kazi yangu kwa mtu mmoja tu mwenye adabu nzuri. Leo Ijumaa, kabla sijaenda shule, nilimwomba bibi nimnawishe, nikaweka daftari karibu na beseni.

"Mbona unanikodolea hivyo?" akauliza.

"Nawa tu, bibi."

Akasugua, akageuza viganja, akaondoa mikono, akaikung'uta mara moja. Hakusema neno. Nikaacha kumimina, nikaandika.