Funda la Pili

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa muuguzi kijana mjini Tabora. Jirani yangu pale Ipuli alikuwa mzee wa Kigoa, karani mstaafu wa stesheni. Mkewe nilimuuguza mimi mpaka akakata roho. Miezi michache baadaye mzee akaamua kuwafuata watoto wake Ulaya. Wiki ya safari yake aliniita nyumbani kwake, adhuhuri, jua limesimama wima na mtaa mzima kimya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Kaa. Leo utakunywa nami."

Sebule ilikuwa tupu, masanduku yamefungwa kamba. Mezani palikuwa na chupa ya mvinyo mweupe wa Hispania. Walipooana na mkewe walizawadiwa chupa mbili, akaniambia. Moja waliinywa wiki ileile, hii wakaiweka. Mweupe kwa jina tu, maana ulipomiminwa ulikuwa umekolea rangi kama asali ya msituni.

Sikuwa nimewahi kuonja mvinyo. Nikapiga funda. Utamu ulikuja kidogo tu, kwa mbali, ukafuatwa na ukali wa ndimu, halafu harufu fulani ikabaki puani.

"Unanuka mshumaa uliozimwa sasa hivi," nikasema.

Mzee aliganda. "Mke wangu alipoonja ile ya kwanza alisema hivyohivyo. Neno kwa neno."

Nilicheka ili nimtoe wasiwasi, nikapiga funda la pili. Safari hii ulikuwa baridi, ingawa chupa ilikaa kwenye joto lile. Nikausikia mdomo wangu ukisema, "Kwa hiyo unaniacha huku peke yangu?"

Sikuwa nimewaza jambo hilo hata kidogo. Sauti yenyewe ilikwaruza, kama ya mtu aliyelala siku nyingi bila kuongea. Mzee hakushangaa. Alikuwa anatazama nyuma ya kiti changu, machozi yanamtiririka.

"Siendi," akajibu. "Nisamehe. Siendi popote."

Nilitaka kugeuka, shingo ikakataa. Nikaweka glasi, nikatoka bila kuaga.

Jioni nilimwona uani akifungua masanduku. Aliishi pale miaka tisa zaidi, tukamzika ubavuni mwa mkewe. Hatukuizungumzia siku ile hata mara moja. Ila kila nilipopita kumjulia hali alinikaribisha chai, akawa ananitazama mdomo, anasubiri.