Pua Iliyoonjeshwa Moshi

Hakuna aliyewahi kumwona Kiguu amekaa mpaka chai ikapoa. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake, maana ni kiguu na njia ndani ya gereji ileile moja: mara yuko kwenye kompyuta, mara kichwa kiko chini ya boneti, mara dirishani anatazama nini, hata mwenyewe hajui. Mama yake alishachoka kumwambia, "Kaa basi, mwanangu, nyumba haikimbii." Haambiliki.

Kazi yake ni kupanga injini za magari ya mashindano. Kompyuta iliyokuja na gari kutoka kiwandani inang'olewa, inafungwa nyingine inayokubali kuamriwa, naye anaiamuru: hapa ongeza mafuta, hapa punguza. Anajuaje? Kuna kihisi cha oksijeni kinachofungwa kwenye bomba la moshi. Gereji nzima inakiita pua, kwa sababu kinanusa moshi na kusema mafuta na hewa vimechanganyikaje. Ila kabla ya kuaminiwa, pua lazima ipelekwe nje ionjeshwe hewa safi, ndipo ijue pa kuanzia kupimia. Kiguu mwenyewe ndiye huwafokea wenzake kwa hilo. "Nje! Nimesema nje, kule getini!"

Jumamosi hiyo gari lilikuwa la kuendeshwa na mdogo wake wa kiume. Miaka yote kijana wa watu amekaa kiti cha pembeni, akiwasomea madereva wengine kona zilizo mbele kutoka kwenye karatasi. Sasa bosi wa timu alikuwa amempa usukani, shindano moja tu la kupanda mlima, na akamwambia bila kumung'unya maneno: ukiharibu, rudi pembeni na usiniombe tena. Asubuhi kijana aliondoka gereji akipiga honi mtaa mzima ujue.

Kiguu akarudi nyumbani. Akavua kitambaa cha kichwa akitupe kwenye beseni la nguo chafu, kikampita usoni. Moshi. Moshi mzito wa dizeli.

Lo!

Asubuhi ile lori la jirani lilikuwa linanguruma mle mle ndani ya gereji, milango nusu imefungwa. Na yeye, alipoona waya haufiki nje, badala ya kutafuta mwingine, kwa mchecheto wake akasema potelea mbali, akaining'iniza pua palepale. Kwa hiyo pua iliambiwa moshi ule ndio hewa safi! Tangu hapo ilikuza kila kipimo: kila iliposema mafuta yamezidi ilikuwa inatia chumvi, naye akapunguza, akapunguza tena. Mlimani, injini ikivuta kwa nguvu zote huku mafuta hayatoshi, itachemka mpaka pistoni ziyeyuke.

"Na mdogo wangu yumo," akasema kwa sauti. Mama yake akatoka jikoni kuuliza kuna nini, akakuta mlango uko wazi.

Simu ya kijana ilikuwa imezimwa. Kwenye bodaboda Kiguu alimsumbua dereva njia nzima: pita hapa, pita pale, mbona unashika breki? "Dada, nikupe wewe uendeshe?" Laiti angempa.

Alipofika mlimani, kwenye mstari wa kuanzia, mbele ya mdogo wake yalibaki magari mawili. Akajitupa mbele ya boneti, kompyuta kwapani.

"Zima!"

"Dada, tafadhali. Wiki iliyopita kwenye mazoezi ulinisimamisha kwa ajili ya kifuniko cha tangi. Na kifuniko kilikuwepo!"

"Pua niliionjesha moshi badala ya hewa. Zima, nakuomba."

Kijana akamwangalia. Hajawahi kumsikia dada yake akiomba. Akazima.

Kiguu akafungua pua kwa spana, akaichomeka waya wa kompyuta, akaiinua juu kwenye upepo wa mlima. Wakangoja ipate moto. Kioo cha kompyuta kikaandika: oksijeni, asilimia ishirini na nne.

"Hewa ina ngapi?" kijana aliuliza, na anajua vizuri tu.

"Ishirini na moja. Dunia nzima."

Mwamuzi akapuliza filimbi. "Pisha njia! Zamu ikipita imepita!" Wakalisukuma gari kando. Bosi alisimama mbali, mikono kiunoni, akatikisa kichwa, akaenda zake kwa madereva wengine.

Kiguu alitaka kumkimbilia amweleze kosa ni la nani. "Nitakwenda, nitamwambia ni mimi, nitampigia hata magoti..."

"Dada. Kaa."

Kiguu akafungua mlango, akakaa kiti cha pembeni, kile ambacho kijana alikuwa ametoka kukiaga asubuhi. Mguu wake ukawa unadundadunda sakafuni, hauna breki. Mdogo wake, aliyerudi kwenye usukani, akamwekea mkono gotini, kama mama yao alivyozoea kumfanyia mezani, na mguu ukatulia.

Mkono wake mwingine ulikuwa bado umeshika usukani.