Swali la Baba Nililolipaki

Tangu baba atutoke, ninachokitamani kuliko vyote ni kukatizwa. Nikatizwe katikati ya sentensi, naye, kwa ile sauti yake ya karani wa zamani: "Hoja ya nidhamu!" Kazi yangu ni kuendesha warsha, na watu hunialika ili niwazuie watu wa aina yake. Cheka ukitaka.

Baba alikuja Nairobi kutoka magharibi mwa nchi akiwa kijana, akafanya ukarani hadi akastaafu, na nyumba yetu ya mtaa wa Jamhuri ikawa bunge. Hakuna mkutano wa kanisa, wa matanga wala wa harusi aliohudhuria bila kuuliza swali. Na swali lake halikuanza hapo mlipo. Lilianzia mbali, likapitia kwa babu yake, likapumzika kidogo, ndipo likafika. Mama alikuwa akimvuta koti aketi. "Kuuliza si ujinga," baba alisema, bado amesimama.

Mimi kazi nilijifunzia mtaa wa Hurlingham, katika kumbi za hoteli ndogondogo zenye chai ya saa nne, nduma na viazi vitamu. Humo niliwajua wasumbufu wa kila aina: anayejua kila kitu, anayepokea simu, aliyefuata chakula cha mchana tu, na msemaji asiye na breki. Kila mmoja ana dawa yake. Msemaji mpe kazi. Akishindikana, kuna karatasi kubwa tunayoibandika ukutani, tunaiita pakingi. Swali lililo nje ya mada unaliandika pale, unamwahidi mwenyewe kwamba mtalirudia, mnaendelea. Jambo ambalo sisi wawezeshaji hatulisemi ni kwamba mara nyingi saa kumi hufika, maombi ya kufunga yakafanywa, na pakingi ikakunjwa na maswali yake yote ndani.

Basi majirani zetu wakaniomba niwaendeshee warsha ya siku moja. Walitaka kuamua kama wakifunge kile kijia kinachopita nyuma ya nyumba zetu, waweke geti. Wengine walilia wizi, wengine walilia njia. Tulikutana katika ukumbi wa kanisa. Baba alikuja na koti lake la Jumapili, akaketi mbele kabisa, akanitazama kwa fahari hadi nikaona haya.

Nilikuwa nimeapa sitampendelea. Hapo ndipo nilipokosea, maana kutompendelea mtu si kumkana. Asubuhi nikamfanya mtunza muda, dawa ya kawaida. Akamwambia jirani mmoja, "Dakika zako zimeisha, lakini kabla hujaketi, nina swali." Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Ratiba yangu ilikuwa imepangwa barabara, na tayari tulikuwa nyuma kwa nusu saa.

Baada ya chakula akasimama tena. "Mama," akaniita. Ndivyo alivyoniita siku zote, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. "Kabla hatujakifunga hiki kijia, nataka tujiulize kuhusu wale wanaopita hapo asubuhi. Maana mwaka ule nilipohamia hapa..."

"Asante, mshiriki," nikamkatiza. "Hilo na tulipaki."

Mshiriki. Baba yangu mzazi. Nikageuka, nikaandika kwenye pakingi maneno mawili: wapita njia. Mtu mmoja nyuma akapiga makofi, ukumbi ukafuata. Nilisikia raha, siwezi kuficha. Nilipowageukia tena, baba alikuwa ameketi, saa yake ya mkono ameivua, ameilaza mezani.

Tulimaliza kwa wakati. Mwenyekiti akanisifu, mchungaji akaomba, nikakunja karatasi zangu. Swali lake sikulirudia.

Jumapili iliyofuata tulikuwa mezani, nikibishana na kaka yangu kuhusu shamba la nyumbani. Baba akanyanyua kidole, akangoja. Nikacheka, nikidhani ni utani wake. Hakuwa anatania. Alikuwa anangoja nimpe ruhusa, nyumbani kwake, mbele ya ugali wake. Nikamwambia, "Baba, si uongee tu." Akashusha kidole, akasema, "Haidhuru, endeleeni."

Tukaendelea hivyo miezi mingi. Sikumwomba msamaha. Mimi ni mbishi, na ubishi huo nimeutoa kwake. Badala yake nikawa namchokoza. Nilisema makusudi kwamba chai ya kuchemshwa na maziwa ni ushamba. Nilisema wachezaji wa mpira wa enzi zake hawakuwa lolote. Zamani ningehutubiwa hadi vikombe vipoe. "Ndivyo mnavyoona siku hizi," alijibu kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko kofi. Siku moja nikamwuliza waziwazi: lile swali la wapita njia, alitaka kusema nini? Akafikiri kidogo. "Lilishapita," akasema. "Mliamua vizuri." Geti lilikuwa limeshawekwa. Hadi leo nikipita pale najiuliza alikuwa anawasemea akina nani, wamama wa mboga, wafanyakazi wa nyumbani, au watu gani, na sijui.

Alipougua tulimpeleka hospitali moja ya Upper Hill. Siku moja kabla ya upasuaji, daktari alikuja kitandani, kijana mwenye haraka, akaeleza watapasua wapi na watatoa nini. Kisha akauliza, "Mzee, uko na swali?"

Baba hakumtazama daktari. Alinitazama mimi.

"Uliza, Baba," nikamwambia. "Uliza yote." Nilitamani amchoshe yule daktari hadi jioni, amkasirishe, wauguzi waje kunilalamikia. Ningewapikia wodi nzima kwa furaha.

Akatikisa kichwa. "Hapana, daktari. Una watu wengi wanakungoja."

Daktari akafunga faili, akatabasamu, akaniambia, "Mko na bahati. Wagonjwa wote wangekuwa kama mzee wenu, hii kazi ingekuwa rahisi."

Nikasema asante. Na baba, pale alipolala, akaitikia kwa kichwa, ameridhika, kama mtoto aliyesifiwa na mwalimu.