Siku Niliyowaletea Wakwe Jembe kwa Landrova

Jamani, kisa hiki mke wangu hupenda kuwasimulia wageni, tena anakitia chumvi mpaka mimi nabaki naangalia viatu, kwa hiyo leo niacheni nikiseme mwenyewe, maana aibu ni yangu.

Ilikuwa miaka ile ya hamsini, mimi ni fundi na dereva pale Mbalizi, kijana mwenye majivuno tele, na Landrova kuukuu ya tajiri wangu naiendesha kama ya baba. Tulipojiandaa kwenda Igowole kumposa Semeni nikaamua kubadilisha sili za magurudumu yote manne. Sili (kwa msiojua) ni pete ya ngozi yenye mdomo, inakaa ndani ya gurudumu kuzuia oili ya ekseli isivujie kwenye breki. Mimi nilijua hayo? Wapi! Nilivyoliona vumbi la njia ya Igawa, linaloingia hadi kwenye meno, nikajiambia pete hii kazi yake ni kuzuia vumbi, basi mdomo utazame nje, vumbi linakotoka. Mwenzangu gereji akauliza, "Una hakika?" Nikamjibu, "Wewe kaza nati."

Tukafika Igowole salama, kwa sababu njia ya kule ni kupanda tu, na anayepanda ana haja gani na breki? Sasa, posa haiendi na muoaji. Mimi nilitakiwa nibaki juu kilimani na gari, nisionekane, hasa na mama mkwe, huku baba mdogo Asajile na shangazi wakishuka kwa miguu kuniombea mke. Nikaweka jiwe nyuma ya gurudumu, jingine mbele (hendibreki ilishakatika zamani), nikatulia. Kugeuka nyuma, naona jembe! Jembe la posa lenyewe, limesahaulika kwenye kiti, na wazee wa kule bila jembe hawakusikilizi hata ukilia. Nikasema, nitateremka polepole, injini nimezima wasisikie, nimpe shangazi pale uani, nirudi.

Nikatoa jiwe. Gari likaanza kushuka, nikakanyaga breki, pedali ngumu, safi kabisa, ila gari linazidi kukimbia, maana huko ndani kila kitu kimelowa oili, ni sawa na kushika kambale kwa mikono yenye sabuni! Mwe! Nikapita ua wa matete, nikapita maharage yaliyoanikwa, mama mkwe akajifunika kanga akakimbilia jikoni, nami nikaenda kusimama ndani ya zizi, kwenye samadi, mbele ya wazee waliokuwa wakimsikiliza baba mdogo akisema, "Kijana wetu ni mtulivu, hana haraka, na kwa magari ni fundi kwelikweli."

Nikashuka na samadi mpaka magotini, jembe mkononi.

"Na huyu ni nani?" akauliza baba yake Semeni.

Baba mdogo akanitazama kama hajapata kuniona. "Dereva tu, mkwe. Tumemkodi njiani."

Shangazi akainamisha kichwa, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Mzee akalipokea jembe, akalipangusa, akasema, "Kijana wenu tumemkubali. Lakini huyu dereva asikanyage tena hapa."

Nilifurahi na kufedheheka kwa pamoja, sijui ni kipi kilizidi.

Siku ya harusi nikaja nimenyoa, nimevaa suti ya kuazima, kofia nimeivuta mpaka kwenye nyusi. Mzee akaja akaivua mwenyewe. Akanitazama weee. "Dereva?"

"Naam, baba."

Akamgeukia baba mdogo, mtu asiyekosa maneno maishani mwake, na siku hiyo akapatwa na kikohozi. Semeni ndiye aliyesema, "Baba, ni huyuhuyu." Mzee akavuta pumzi ndefu. "Haya, harusi ifungwe. Lakini mwanangu hapandi gari la mtu huyu."

Basi tukafunga ndoa, na Semeni akaupanda mlima ule kwa miguu na gauni lake jeupe, watu wakimwimbia, na mimi bwana harusi nyuma yao, peke yangu kwenye Landrova, naendesha taratibu nisimguse mtu. Wanangu, mdomo wa sili hutazama oili. Vumbi lijitegemee.